Kambale Waliowekwa Kwenye Mengineyo

Kilimani,
Jumapili jioni

Mwanangu Skola,

Barua za watu huanza kwa kuuliza hali. Hali yako naijua: umekula ugali mbele yangu mchana huu, ukaacha mboga, ukasema umeshiba, kumbe ni wasiwasi wa safari. Halafu watu huandika kwamba wao ni wazima, hofu ni kwako wewe uliye mbali. Wengi huandika hivyo kwa mazoea. Mimi hofu ninayo kweli, na wala hujawa mbali bado. Uko hapo kwa shangazi yako unaaga, na kicheko chako nakisikia kupitia ua wa mabua.

Nakuandikia kwa sababu tukizungumza tutagombana. Baba yako ndiye aliyeniambia. Aliniona nafungua sanduku lako, nalifunga, nalifungua tena, akasema, "Mama Skola, liache hilo sanduku, hakuna nguo iliyotoroka. Kama una neno, mwandikie. Nyie wawili mkisemezana mtaunguza nyumba." Akarudi kwenye redio yake. Unamjua baba yako, haongei sana, na ndiyo maana akiongea inabidi nimsikilize hata kama ananiudhi.

Sikuandikii habari za kuchemsha maji, wala kumwamkia mjomba wako wa Mpanda asubuhi kabla hajatoka. Hayo unayajua, na kama huyajui, mke wa mjomba wako atakufundisha kwa ukali kunishinda. Kipande cha sabuni nimekuwekea ndani ya kitenge cha kijani. Tangu vijana waende vitani, maduka ya Kibaoni yamebaki na rafu na mwenye duka tu, basi kitumie taratibu. Maagizo yangu yameishia hapo.

Neno lenyewe ni lile ulilolisema juzi jikoni. Nilikuwa nimekuuliza kuhusu hiyo kamati, maana naona wewe unaifurahia ile kazi ya kufundisha watu wazima huko Mpanda, lakini hii kamati ya ushauri waliyokuweka juu yake unaipokea kama mtu aliyeongezewa kuni kichwani. Nikakuuliza utafanyaje kati ya wanaume wazima waliozoea kusikilizwa. Ukajibu huku unapuliza moto, "Mimi sitaki mchezo, mama. Wakinipuuza siku ya kwanza tu, nitawaachia kamati yao." Pua yako ikapanuka.

Nilitoka nje nikajifanya naanika sufuria. Pua ile ni yangu, Skola. Na maneno yale ni yangu pia, niliyasema kabla yako, karibu hivyo hivyo, na ninaogopa tangu juzi hata usingizi hauji vizuri.

Nitakueleza, na baadhi unayajua, lakini unayajua kwa macho ya mtoto.

Ule mwaka tulioambiwa tukae pamoja kijijini, iliundwa kwanza kamati ndogo ya kushauri kijiji kikae wapi. Mzee Kalisti alikuwa mwenyekiti. Wakahitaji mwanamke mmoja, kwa sababu karatasi iliyotoka juu ilisema awepo mwanamke, na mimi nikachaguliwa kwa kuwa nilisoma kwa masista na najua kuandika. Nilivimba kichwa, siwezi kuficha. Tulikuwa tunakutana kwenye banda la mahindi, na kila mjumbe alikuja na kiti chake. Mimi nilikuwa nabeba kile kigoda cha bibi yako, na nilikuwa nakibeba kupitia njia ya sokoni makusudi, ili watu waone ninakwenda wapi.

Mahali palikuwa pawili. Palikuwa bondeni, kandokando ya barabara, tambarare, lori linafika mpaka mlangoni. Na palikuwa huku kilimani tunakoishi sasa, kwenye udongo mwekundu, mbali na barabara. Tulikwenda kupaangalia bondeni wakati wa kiangazi. Pamekauka, pameiva, nyasi zimechomwa, mtu unaona moja kwa moja mpaka kwenye miti ya mto. Wanaume wakafurahi. Bwana shamba, kijana mgeni kutoka mbali, akachomeka vigingi. Alipochomeka kile cha tatu nikasema, "Hapo uliposimama nimeshika kambale."

Wakageuka wote. Nikawaeleza kwamba nikiwa msichana, masika ikikolea, tulikuwa tunakuja hapo na matenga, mimi na dada zangu, tunakanyaga tope mpaka magotini, tunawafunika kambale kwa tenga na kuwatoa kwa mkono. Nikasema si kila mwaka, lakini mwaka ule mvua inapokuwa nyingi, hapo si pa kulala watu. Mzee Kalisti akatabasamu kama anavyotabasamu mtu aliyepewa kiazi kibichi. Akasema, "Ahsante Mama Skola. Hayo ya kambale tutayaweka kwenye mengineyo."

Utayajua hayo mengineyo, mwanangu. Ni lile fungu la mwisho la mkutano, baada ya kufungua, kusoma yaliyopita na kujadili yaliyoletwa. Humo ndimo wanamotupa neno la mtu ambaye hawataki kumwambia anyamaze. Tulirudi bandani, tukajadili barabara, tukajadili shule, tukajadili zahanati, na tulipofika kwenye mengineyo ugali ulikuwa umeshanukia kwa Mzee Kalisti na watu wanatazama mlango. Akasema, "Mengineyo? Hakuna. Tufunge." Wakacheka. Mmoja akaniambia, "Mama, kambale wako watakuja siku nyingine."

Nilichukua kigoda changu nikaondoka. Ugali wao sikuula. Njiani nilikuwa nasema peke yangu kama mwehu: wasinione tena, wasiniite tena, kamati yao na waile kwa mboga. Nilipofika nyumbani nikakipiga kigoda chini mbele ya bibi yako nikamwambia, "Chukua kigoda chako, hakitatoka tena hapa." Bibi alikuwa anachambua karanga. Akaniambia, "Ukisusa, wenzako wanakula." Nikamjibu na wale, wakivimbiwa tutasikia.

Sasa sikiliza sehemu hii, maana ndiyo inayonifanya niandike.

Bwana shamba alirudi. Kijana yule alikuwa na akili kuliko nilivyomdhania. Alipokuwa anachimba shimo la kigingi kingine alikuta makombe ya konokono wa majini ndani ya udongo, na mabua ya matete yaliyooza. Akapanda baiskeli yake mpaka kwa Mzee Kalisti akasema ushauri usipelekwe kwanza, wajumbe wakae tena. Walipokaa akauliza, "Yule mama wa kambale yuko wapi? Nataka twende naye akanionyeshe mwisho wa maji." Mambo haya alinisimulia Mzee Pesambili, balozi wetu wa nyumba kumi, muda mrefu baadaye. Yeye ndiye waliyemtuma aje kuniita.

Nilikuwa uani natwanga. Nikamsikia anapiga hodi, "Hodi hapa! Mama Skola yupo? Anaitwa kwenye kamati." Na moyo wangu, mwanangu, haukusema "nenda". Moyo wangu ulisema: wamemtuma balozi. Mimi nilitaka Mzee Kalisti mwenyewe aje, avue kofia, aseme mama tumekosa. Nililetewa Pesambili na miguu yake yenye vumbi.

Wewe ulikuwa umetoka shule, una kitabu mkononi. Nikakunong'oneza, "Mwambie mama hayupo."

Ukaenda. Ukasimama mlangoni umenyooka kama unasoma shairi mbele ya mwalimu, ukasema, "Mama hayupo." Akakuambia, "Akirudi mwambie wanamsubiri, wasingependa kumaliza bila yeye." Ukasema haya. Na mimi nimesimama nyuma ya nyumba na mchi mkononi, siutui wala sitwangi, nisije nikasikika. Bibi yako alikuwa kwenye mkeka ananitazama. Akasema polepole, "Hawa hawajala. Wamekuita chakula kikiwa mezani, na wewe bado umesusa." Nikaona haya, lakini haya haikunitoa uani.

Walinisubiri mpaka jua likaegemea. Halafu wakamaliza, maana bwana shamba na makombe yake hakuwa na wa kumthibitishia maji yanafika wapi. Karatasi ikaandikwa kwamba wajumbe wote wamekubaliana, bondeni panafaa. Jina langu lilikuwemo. Hakuna aliyelighushi. Nilikuwa mjumbe, sikuwepo kukataa, basi nikahesabiwa nimekubali. Mpaka leo sioni ni nani wa kumlaumu kwa hilo zaidi yangu.

Mengine unayakumbuka. Tulihamia bondeni, nyumba zikapangwa mistari kama mahindi. Masika ya kwanza ilikuwa ndogo, na watu walikuwa wananipitia wananitania, "Mama Skola, kambale wako wamechelewa lori?" Nami nikacheka nao, na nikaanza kutumaini kwamba nilikosea. Ni kitu kizuri sana kukosea, wakati mwingine mtu unaweza kukiomba kwa Mungu.

Halafu ikaja ile masika nyingine. Wewe huwa unasimulia kama maji yalikuja kwa kishindo, lakini hayakuja hivyo. Yalipanda kutoka chini, kimya, na asubuhi ndala zangu zilikuwa zinaelea chini ya kitanda. Nyie watoto mlifurahi. Wewe ulimshika kambale ndani ya darasa lenu, ukamleta nyumbani ukimkumbatia, ukashangaa kwa nini nakupiga kofi. Sikukupigia kosa. Nilimwona yule samaki nikaona uso wangu.

Kuta zilianza kuyeyuka, na mahindi ghalani yakachipua. Baba yako na Mzee Pesambili waling'oa mlango wa nyumba yetu, wakamlaza bibi juu yake, wakampandisha huku kilimani mvua ikimnyeshea. Kifua chake hakikupona. Alikufa kabla mahindi mapya hayajabeba, na aliomba kitu kimoja tu, azikwe pakavu. Ndiyo maana kaburi lake liko pale juu ya nyumba, na ndiyo maana mimi kila nikifagia uwanja naangalia upande ule kwanza.

Na unajua watu walinifanya nini? Walinisifu. "Mama wa kambale alisema! Tungemsikiliza!" Mzee Kalisti mwenyewe alikuja msibani, akavua kofia mbele yangu, akasema maneno yale yale niliyoyatamani, "Mama, tulikosa." Nilipokea. Nilikaa pale na kitambaa kichwani nikaitikia kwa kichwa kama malkia. Waliojua kwamba niliitwa na nikajificha tulikuwa watatu: mmoja tulikuwa tumemfukia siku ile, mwingine ni wewe, na ulikuwa mtoto. Sijawahi kukuuliza kama unakumbuka. Nimekutazama mara nyingi ukiwa umeinamia kazi fulani, nikataka kukuuliza, nikaogopa jibu.

Baada ya msiba nilirudi kwenye kamati. Ungedhani nimejifunza. Nikaingia kwenye shimo la pili. Tulipokuwa tunahamia huku kilimani kidogo kidogo, kila mtu kwa wakati wake, bila ruhusa ya mtu, tulihitaji kisima. Wakaniuliza mimi. Kwa nini mimi? Kwa sababu nilipatia mara moja. Nami sikusema sijui. Nikatembea kilimani kama mganga, nikaonyesha kwa kidole, "Chimbeni hapa." Hakuna aliyebisha, nani ambishie mama wa kambale? Wanaume wakachimba mpaka mikono ikatoka malengelenge, wakakuta mwamba, wakauvunja, wakakuta mwamba mwingine. Baba yako alikuwa shimoni nao. Jioni moja akaniambia, huku anachomoa vipande vya mawe kwenye nywele, "Mimi toka mwanzo nilijua hapa hakuna maji. Ule mkuyu mkubwa uko kule." Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akasema, "Hukuniuliza. Na ulikuwa unaonyesha kwa kidole kizuri sana."

Cheka, ni ruhusa. Kisima tunachokitumia ndicho kile cha karibu na mkuyu.

Tangu hapo nimekaa kwenye kamati ya shule, na ya zahanati, na ile ya duka la kijiji iliyokuwa na wajumbe wengi kuliko bidhaa. Sijawa mtaalamu. Ila nimeona vitu. Nimeona kamati inaitwa kushauri darasa lijengwe wapi, wakati matofali yameshamwagwa mahali. Nimeona mtu mkubwa anauliza swali huku anafunga mkoba wake. Siku kama hizo utatamani kubeba kigoda chako, Skola, na utakuwa na haki kabisa ya kukasirika. Kasirika ukiwa umekaa. Waombe waliandike neno lako lilivyo, hata kama wanalitupa kwenye mengineyo, na wakisema mengineyo hakuna, inua mkono useme yapo. Mimi sikuinua mkono. Niliinua kigoda.

Na jambo jingine ambalo lilinichukua miaka kulielewa ni hili: kuulizwa ushauri hakukupi amri. Nilidhani nikishasema kweli basi kazi imekwisha, wao watii. Walipokataa nikaona nimetukanwa. Lakini aliyekuuliza ana mizigo yake ambayo wewe huioni. Mzee Kalisti, kabla hajafa, aliniambia tukiwa tunasubiri zamu ya kusaga mahindi kwamba alikuwa amehakikishiwa kijiji kisichokuwa barabarani hakitapata dawa wala mwalimu. Mke wake alimfia njiani wakimpeleka kujifungua, unakumbuka habari hiyo ya zamani. Kwake barabara ilikuwa ndiyo hiyo. Hakuwa mjinga wala hakunidharau. Alikuwa anaogopa kitu kingine, na mimi sikumuuliza anaogopa nini. Nilikuwa na kambale wangu tu. Tungewekeana wazi, mimi maji yangu na yeye barabara yake, labda tungepata mahali pa tatu. Labda. Neno hili linanitafuna.

Haya, tuje kwenye lako, ambalo ndilo linalonipa homa.

Kamati yenu itawashauri wakubwa kama sisi tuliopanda huku kilimani tuachwe tuwe kijiji, au turudishwe bondeni kwenye shule na zahanati. Kila mtu hapa anajua hivyo. Ndiyo maana toka wiki iliyopita nyumba yetu imegeuka soko. Mama Restituta kaleta kuku, eti wa njiani. Mzee Pesambili kaleta unga wa mtama, anakohoa mlangoni, anasema, "Binti yetu atatusemea." Shangazi yako hapo anapokucheka na kukukumbatia, anakuambia hilo hilo, ninamjua. Wote wanakubebesha. Kuku nimemrudisha, Mama Restituta kanuna. Unga wa mtama Mzee Pesambili alikataa kuuchukua, tutautumia uji, lakini nimemwambia wazi kwamba ni uji tu.

Nami nataka nini? Nataka tubaki. Nisijifanye mtakatifu. Nataka nizeeke hapa karibu na mkuyu, na kaburi lile liwe pakavu, na nikisikia radi usiku nigeuke upande wa pili nilale. Wakisema turudi bondeni nitaogopa kila masika mpaka nife. Nimekuambia mara moja, na sitarudia.

Lakini nikitembea asubuhi nakutana na watoto wadogo wanashuka shuleni gizani, wengine hawajanywa hata uji, na jioni wanapanda wamechoka. Mwaka jana yule binti wa jirani alishushwa kwa baiskeli usiku akiwa na uchungu. Alifika salama, Mungu alikuwa macho. Nikiyafikiria hayo sijui tena. Na wale wachache waliobaki kule chini kwenye mwinuko ulio nyuma ya shule wana hoja zao, nao hawana binti kwenye kamati. Basi siku ya kwanza waambie wajumbe wenzako kwamba wewe umetoka kilimani, mama yako yuko huko na bibi yako kazikwa huko. Waambie mapema, kabla hawajagundua wenyewe. Wakikuambia kwa sababu hiyo ukae kimya kwenye jambo letu, utaumia, lakini kubali, na uendelee kukaa. Na ukiruhusiwa kusema, yaseme ya maji na ya wale watoto wa gizani yote mawili, hata lile lisilotufaa sisi.

Na kama mwisho wake karatasi ikiandikwa turudi chini, na jina lako limo, sitasema umenisaliti. Nitalia, nisikudanganye. Pengine nitasusa siku mbili, mazoea yana tabu. Halafu nitafunga mizigo. Ninachokiogopa usiku si hicho. Ninaogopa siku wakikutafuta na wewe umekaa kwa mjomba wako umenuna, pua imepanuka, na mtoto wa watu anatumwa mlangoni kusema Skola hayupo. Hilo ndilo naliogopa kuliko maji.

Hasira yako siitaki iishe. Ndiyo iliyokufikisha hapo, hata mwalimu mkuu alisema. Sijui tu namna ya kumfundisha mtu kuiweka hasira mahali isiharibike. Mimi yangu niliiacha juani ikaoza. Labda wewe utajua.

Kicheko kimekatika, naona unatoka kwa shangazi. Itabidi nimalizie haraka. Barua hii nitaiweka ndani ya kitenge cha kijani pamoja na sabuni, maana najua hutakifungua kabla ya Mpanda. Kesho lori likija asubuhi nitakuwa na maneno mengi ya kijinga kuhusu sweta na pesa ya akiba. Nivumilie. Na baba yako akikupa mkono tu asiseme kitu, mtazame macho, amekuwa akisikiliza redio iliyokwisha betri tangu jana.

Kigoda cha bibi nilifikiri nikufungie kwenye mzigo, lakini ofisi za Mpanda hazikosi viti, watu wangekucheka. Nimekiweka mlangoni. Najua kamati yenu italeta watu huku kupima na kuuliza kabla ya kuandika. Ukiwa pamoja nao, au usipokuwa pamoja nao, waelekeze nyumba ya juu karibu na mkuyu. Hata akitumwa mdogo kuliko wote, hata kama hakuvua kofia. Wapige hodi tu. Safari hii hatatumwa mtoto, nitatoka mwenyewe. Nitakwenda nao bondeni, nitakanyaga pale palipokuwa na kigingi cha tatu, niwaonyeshe mwisho wa maji. Na wakiuliza habari za mwaka ule nitawaambia niliitwa na nilikuwa nyuma ya nyumba nimeshika mchi.

Na wewe, kama unakumbuka siku ile mlangoni, nisamehe kwa neno nililokutia mdomoni. Kwa heshima yako nalibadilisha leo kwa mkono wangu mwenyewe.

Mama yupo.

Oresta, aliyekuzaa